Sina Mwenye Nyumba

Jumanne iliyopita bomba la jikoni lilianza kudondosha maji. Ti. Ti. Ti. Nilikuwa sebuleni na gazeti langu, nikafanya kile nilichokifanya miaka yote ya ndoa yangu: nikasonya, nikapaza sauti ifike mpaka uani. "Huyu mwenye nyumba huyu! Kodi anaijua, bomba halijui!"

Kukawa kimya. Mke wangu akatokea mlangoni, kanga kiunoni, mwiko mkononi, akanitazama namna unavyomtazama mzee aliyekuuliza bei ya mkate kwa senti.

"Baba watoto," akasema polepole, "mwenye nyumba ni wewe."

Hili ndilo wanaloficha wanaokupongeza ukihamia kwako. Watakuletea sufuria, watakuletea jagi na glasi sita, mchungaji atakuja kuombea kila kona mpaka stoo, lakini hakuna atakayekuambia kwamba kuanzia siku hiyo huna tena wa kumlaumu. Nyumba ya kupanga ina raha moja isiyosemwa: kila kibaya kina mwenyewe, na mwenyewe si wewe.

Mwenye nyumba wangu wa Magomeni alikuwa na jibu moja kwa matatizo yote ya dunia. Bati linavuja? "Fundi atakuja Jumamosi." Shimo la choo limejaa? "Fundi atakuja Jumamosi." Hakuwahi kusema Jumamosi ya mwezi gani. Nilikaa kwake miaka 22, yaani Jumamosi zaidi ya 1,100, na fundi niliyemwona kwa macho yangu ni mmoja, naye alikuwa amepotea njia anaulizia nyumba ya pili.

Lakini nililala, jamani. Bati likivuja tunatega ndoo, namlaani mwenye nyumba, nageukia upande wa ukuta, nakoroma. Siku hizi bati langu likilia tu kidogo kwa jua la mchana, *ta!*, nakaa wima kitandani nahesabu misumari.

Kiwanja nilikinunua mwaka 2005, Kibamba, hatua 20 kwa 20. Dalali alitushusha Barabara ya Morogoro akasema ni hapa karibu tu. Tulitembea mpaka mke wangu akavua viatu. Kila nikiuliza, dalali ananyoosha mkono: "Pale, mzee, kwenye ule mwembe." Mwembe tukaupita. Nilirudi nyumbani nikijua nimeibiwa, na kwa miaka 12 nilimtaja dalali yule kila nilipokula vibaya. Ikafika 2017, nyumba za kando ya barabara kutoka Kimara kwenda Kiluvya zikapigwa alama ya X na kubomolewa kupisha upanuzi, zaidi ya mita 120 kila upande. Watu niliowaonea wivu kwa kuwa karibu na lami wakawa wanaokota mabati yao. Nikamtafuta dalali nimshukuru. Namba yake haikupatikana tena, na ninavyomfahamu, alibadilisha laini siku ileile aliponiuzia.

Hata wilaya nimebadilishiwa bila kusogea hatua moja. Nilinunua kikiwa Kinondoni, nimehamia kikiwa Ubungo.

Kujenga kwetu sisi wa mshahara mnakujua. Msingi 2006. Kuta zikapanda kwa awamu, posho ya safari hii kozi mbili, posho ya safari ile lenta. Halafu pagale likakaa. Likaota majani, likafuga mbuzi wa watu, likatunza siri za vijana wa mtaa. Mwaka 2014 nikachukua mkopo nikaezeka, nikaita fundi bomba na fundi umeme wakapitisha mabomba na waya, hela ikaisha, tukafunga milango kwa mabanzi. Ndipo nikasubiri kustaafu kama mkulima anayesubiri masika.

Nikastaafu 2023, miaka 60 kamili, kwa mujibu wa sheria. Zamani kikokotoo kilikuwa ni kifaa cha kujumlishia, watoto wanakwenda nacho shule. Uzeeni ndipo nikafahamiana nacho vizuri. Kikanipa asilimia 33 ya mafao mkononi, iliyobaki nikaambiwa nitakuwa napewa mwezi kwa mwezi, kama vidonge vya presha. Hiyo 33 ikapiga dari, ikalaza marumaru, ikapaka rangi, ikanunua geti.

Niseme habari za geti, maana ndilo lililonipa jina mtaani. Ni jeusi, refu, lina maua ya dhahabu na vichwa viwili vya simba. Nililiona kwa mchomeleaji nikasema nimefanya kazi miaka 36, nastahili simba. Likasimamishwa, ukuta wa mbele ukajengwa kulishikilia, na hapo kiinua mgongo kikaaga. Pande tatu zilizobaki ni michongoma, tena haijakutana vizuri. Ukisimama barabarani utadhani anaishi waziri. Ukizunguka nyuma utakuta mbuzi wa jirani wanaingia na kutoka kwa starehe zao, hawana habari na simba. Mimi kila usiku nateremka na tochi, nafunga kufuli mbili. Watoto wa mtaa wananiita Mzee Geti.

Nimesema nateremka. Hapo ndipo kwenye kidonda.

Mwaka 2006 fundi wa msingi aliniuliza, mzee, tunyanyue kiasi gani? Nilikuwa na miaka 43. Nikamwambia nyumba yenye msingi mfupi ni banda la kuku, nyanyua. Akanyanyua. Leo kutoka uani mpaka barazani kuna ngazi saba, hazina pa kushikia, kwa sababu yule bwana wa miaka 43 aliona pa kushikia ni mambo ya hospitali. Asubuhi nazipanda mguu mmoja mmoja kama bwana harusi. Kushuka nashuka ubavu, kama kaa. Nikisahau miwani chini, siku hiyo gazeti sisomi.

Na choo! Mwaka 2014 fundi bomba alinisimamisha pale pale, vumbi la saruji mpaka kwenye kope, akaniuliza kwa heshima zote: "Mzee, niweke cha kukaa au cha kuchuchumaa?" Nilikuwa na miaka 51, napanda ghorofa nne za ofisi bila kuhema. Nikacheka. Nikamwambia cha kukaa ni cha wagonjwa na wazungu, mimi sijawa kati ya hao. Weka cha kuchuchumaa, vyote viwili, cha chumbani na cha wageni. Fundi akasema, "Mzee, baadaye..." Nikamkatiza. Nilikuwa namkatiza kila mtu enzi hizo, nilikuwa mkuu wa kitengo.

Sasa naingia chooni kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Natangulia kushika kitasa cha mlango kwa mkono wa kulia, wa kushoto unashika bomba la maji, nashusha mwili kwa awamu, magoti yanalia moja baada ya jingine, na nikishafika chini naanza kuwaza safari ya kurudi. Juzi nilikaa huko mpaka mke wangu akabisha hodi.

"Umezimia?"

"Najipanga."

Nimegundua nini? Kwamba nyumba hii sikujijengea mimi. Nilimjengea bwana mmoja mwenye magoti mazima, watoto watatu wadogo, mkaidi, anayependa simba. Bwana mwenyewe hakuhamia. Nimekuja mimi badala yake, na kila kitu kimekaa kwa kipimo chake. Makabati ya jikoni yako juu, kwa sababu alikuwa na mke anayeruka. Swichi ya chumbani iko nyuma ya mlango, kwa sababu macho yake yaliona gizani. Marumaru nilichagua zile zinazong'aa mpaka unajiona meno, na mke wangu akishapiga deki natembea sebuleni kama kuku aliyefungwa miguu. Dukani walikuwa nazo za kukwaruza, bei ileile. Nikasema hizo ni za bafuni.

Vyumba vya watoto navyo. Kila mtoto nilimjengea chake, nikawa nawaambia wakiwa wadogo pale Magomeni, watatu kitanda kimoja, mzungu wa nne: vumilieni, mtakuwa na vyumba vyenu. Walivumilia mpaka wakaoa na kuolewa. Mmoja yuko Mwanza, mmoja Dodoma, wa mwisho amenunua kiwanja chake huko mbele ya Kibaha na juzi ameniuliza kama ninamfahamu dalali mwaminifu. Chumba cha mkubwa sasa kina makatoni ya marumaru zilizobaki. Cha wa kati kina mfuko wa saruji ulioganda, nauhifadhi sijui kwa ajili gani, labda kaburi. Krismasi walikuja wote na wajukuu. Mama yao alishinda siku mbili anatandika, chandarua kila kitanda, taulo kila kitanda kama hotelini. Saa nne usiku naamka kwenda kwenye ule usaili wangu, naona sebule nzima imejaa magodoro. Wamevikimbia vyumba, wamelala kwa kupangana kichwa-miguu, wanacheka kwa kunong'ona, vilevile kama Magomeni. Vyumba vitatu nilivyovijenga kwa miaka 17 vililala vyenyewe.

Halafu huu ukimya. Magomeni nilikuwa nauombea. Kule asubuhi ilianza kwa adhana, ikafuata redio ya chumba cha pili, ndoo kwenye foleni ya bomba, mabasi ya mwendokasi yakipita, na jioni mafuta ya chipsi yakilia kona nzima. Nililalamika miaka 22. Hapa jua likizama ni vyura na bundi mmoja mwenye makazi kwenye ule mwembe wa dalali. Mke wangu ndiye ameumia zaidi. Wiki tuliyohama, wa chumba cha tatu walikuwa katikati ya ugomvi mkubwa, mwanamke amefungasha, mwanaume amekaa mlangoni, mashemeji wameitwa kutoka Tanga. Sisi lori limefika, tukaondoka. Mpaka leo hajui waliishia wapi. Tukiwa mezani tunakula, anaweza kuweka kijiko chini akasema tu, "Sijui yule binti aliondoka kweli," kisha anaendelea kula.

Jambo la umeme nalipitia haraka maana linanipandisha presha. Nilikimbia kodi ya nyumba nikakutana na kodi ya jengo. Ukinunua umeme wa LUKU, kila mwezi zinakatwa shilingi 1,500 kwa nyumba yetu hii ya chini, 18,000 kwa mwaka. Si hela, nakubali. Yule mzee wa Magomeni hata asingeinama kuiokota. Kinachoniuma ni neno. Kodi! Nimesherehekea kuaga kodi kwa pilau na soda, na kodi imenitangulia Kibamba. Afadhali ya kwanza, mwenye nyumba alikuwa anakuja, anasalimia, anakunywa chai, namdanganya kidogo, ananielewa kidogo. Hii haibishi hodi, inaingilia kwenye mita. Halafu unatakiwa uingize tarakimu 20, na kile kidude cha kubonyezea fundi umeme alikuwa kijana mrefu, amekifunga kwa kimo chake. Mke wangu anasoma kwenye simu kwa miwani, mimi nimesimama kwenye kigoda nabonyeza kwa tochi. Tarakimu ya 17 tunagombana.

Turudi kwenye bomba. Jumatano nikampata fundi, yuleyule wa 2014, siku hizi ana kitambi na pikipiki. Akainama chini ya sinki, akamulika, akatoa ule mguno wao wanaofundishwa wote, akatikisa kichwa.

"Duh. Nani alikufanyia hii kazi, mzee?"

"Wewe."

Akanyamaza. Akamulika tena, kama vile huenda bomba lenyewe litamtetea.

"Basi nitakuwa niliharakishwa," akasema.

Akataka koki mpya, akataka utepe wa kuzungushia, akataka na nauli, jumla shilingi 15,000, vifaa viko Mbezi, anakwenda na kurudi sasa hivi. Nilimpa. Najua, najua. Mke wangu naye alijua, alisimama nyuma yake ananikonyeza mpaka jicho likachoka. Pikipiki ikatoka kwenye geti la simba. Saa nane nikapiga: "Niko njiani, mzee." Saa kumi na moja: "Nimeshafika Kibamba Shule, mzee." Saa mbili usiku simu ikawa imezimwa, na chini ya sinki tukatega ndoo.

Alhamisi usingizi ulichelewa. Ile ti, ti, ti, ukiwa mpangaji ni kero tu, ukiwa mwenye nyumba ni bili. Nikalala nahesabu matone, nikayageuza ndoo, ndoo nikaigeuza shilingi. Saa nne kasoro usiku nikachukua simu nikatoka barazani, nikatafuta namba ambayo sikuwahi kuifuta. Nilijiambia nataka tu kumuuliza kama anamfahamu fundi wa kuaminika. Nilikuwa najidanganya, kwa maana kama kuna mtu Dar es Salaam nzima asiyemfahamu fundi hata mmoja, ni yeye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

Mwanangu. Kibamba nzima mimi ni mzee, ni babu, ni Mzee Geti. Nikakaa kwenye ngazi ya juu.

"Ni mimi, mzee. Wa vyumba vya mbele."

"Aaa! Enhe. Umeleta kodi?"

"Nilishahama, mzee. Huu mwaka wa pili."

"Umehama." Nikamsikia akiliwazua jambo hilo. "Na vyumba vya mbele nani yuko?"

"Sijui, mzee. Si utakuwa unajua wewe?"

"Wanalipa lakini," akasema.

Hapo mke wangu alishatoka, ameninyang'anya simu, hajasalimia vizuri, anauliza habari za chumba cha tatu. Nilimwona uso unavyofunguka kwa mwanga wa simu. "Walirudiana? ... Na mashemeji? ... Mapacha?!" Akanirudishia simu, akaingia ndani akitembea juu ya marumaru kama msichana, bila hata kushika ukuta.

"Enhe, mwanangu," mzee akasema, "kuna shida gani?"

"Bomba la jikoni linavuja, mzee."

Hakuuliza bomba lipi. Hakuuliza nyumba ipi, wala ya nani. Akakohoa kidogo, kikohozi chake kilekile.

"Nimesikia. Fundi atakuja Jumamosi."

Nikamshukuru. Nikaingia, nikapita jikoni, nikaisogeza ndoo vizuri kwa mguu, nikapanda kitandani nikageukia upande wa ukuta. Mke wangu anasema nilikoroma mpaka bundi akahama.

Jumamosi niliamka mapema, nikaoga, nikavaa shati lililopigwa pasi. Nikateremka ngazi saba kwa ubavu, nikafungua kufuli zote mbili, nikaweka kiti kwenye kivuli cha geti, upande wa kutazama barabara. Kwenye saa tatu mke wangu akaniletea chai na viazi.

"Unamsubiri nani?"

"Fundi."

Akaitazama barabara mpaka kule kwenye mwembe. Hapakuwa na mtu, mbuzi tu. Akarudi ndani, nikajua amekwenda kuwapigia watoto simu, kwamba sasa baba yenu basi tena. Akatoka na kigoda chake na ungo wa mchele, akakaa ubavuni kwangu, akaanza kuchambua.